Hiyo "ukurasa XX" sio fumbo

Mkuu umeuliza kama hiyo "tazama ukurasa XX" kwenye kitabu chako cha sheria za gemu ya kuigiza wahusika ni fumbo. Hapana, sio fumbo wala nini, ni nafasi iliyoachwa ili namba ijazwe baadae, wakasahau. Mwandishi anaandika kabla kurasa hazijapangwa, namba zinajulikana mwishoni kabisa na mwishoni ndo kila mtu anakimbizana na tarehe ya uchapaji. White Wolf, wale wachapishaji wa gemu ya Vampire, walijulikana sana kwa hilo. Ila kali kuliko zote ni ya TSR, wachapishaji wa gemu ya Dungeons & Dragons, miaka ya 1990 kwenye kitabu chao cha vitu vya kichawi, Encyclopedia Magica, mtu kaiambia kompyuta kila palipo na "mage" iweke "wizard" (zote maana yake mchawi), kompyuta nayo ikaingia mpaka ndani ya "damage" na kitabu kikachapwa kina "dawizard", na "image" ikawa "iwizard" 😂😂 sijui nani alisoma prufu pale. We cheki kwanza saiti ya mchapishaji, masahihisho mara nyingi wanaweka PDF ya bure, ukikosa nenda faharasa nyuma maana hiyo kwa kawaida inatengenezwa kurasa zikishapangwa.