Maswali ya Wasomaji: Gari-nyumba Refu na Barabara za Milimani

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni marafiki watano wa Ibanda, hapa Bukavu. Mwenzetu anayeishi Denver, Marekani, ametualika tukodi gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, tuzunguke hifadhi za milimani: Rocky Mountain, Grand Teton, Yellowstone hadi Glacier. Yeye anataka gari la futi 30 ili sote sita tulale humo. Mimi nahofia barabara, baridi na wanyama. Gari hilo litatufaa, na twende mwezi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, katika hofu zako tatu, ile ya barabara ndiyo yenye msingi zaidi, na ndiyo inayopaswa kuamua mengine yote. Barabara mashuhuri ya Glacier, Going-to-the-Sun, katika sehemu yake ya juu hairuhusu gari linalozidi futi 21 kwa urefu, yaani kama mita 6.4 pamoja na bampa, wala futi 8 kwa upana, vioo vya pembeni vikihesabiwa. Gari la mwenzenu litazuiwa, na hata magari-nyumba mengi mafupi hayapiti kwa sababu ya upana. Mkilikodi, itabidi mliache kambini na kupanda yale mabasi mekundu ya watalii yaliyoundwa miaka ya 1930. Aidha, viwanja vingi vya kambi vina kikomo chake cha urefu, kwa hiyo ulizeni kipimo kabla ya kulipia.

Mimi ningechukua gari-nyumba fupi pamoja na gari dogo la kawaida, wengine wakalala katika mahema. Kambi ya Fishing Bridge huko Yellowstone, hata hivyo, haipokei mahema kwa sababu ya dubu. Kwa usiku wa Yellowstone pangeni kambi nyingine.

Trail Ridge Road, ndani ya Rocky Mountain, inapitika kwa gari-nyumba, lakini inafika mita 3,713, juu kuliko kilele cha Kahuzi chenye mita 3,308, na mahali pengine haina kizuizi pembeni. Hatari yake kubwa ni kuteremka. Madereva wanaofahamu mteremko wa Ngomo, katika njia ya Uvira, wanajua la kufanya: gia ndogo tangu mwanzo, breki ziguswe kidogo kidogo, zisije zikachemka. Kwa kuwa Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi, Denver, iliyo kwenye mita 1,609, haitawasumbua. Huko juu, mkiumwa kichwa au kuishiwa pumzi, teremkeni mkalale mahali pa chini zaidi.

Kuhusu mwezi, nawashauri katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Trail Ridge kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei, lakini Going-to-the-Sun husubiri theluji iondolewe, mara nyingi hadi mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai. Hata hivyo bebeni makoti, maana Yellowstone usiku huweza kuganda hata wakati huo. Nafasi nyingi za kambi huanza kukodishwa miezi sita kabla, na hairuhusiwi kulala kando ya barabara ndani ya hifadhi.

Wanyama wana sheria inayoeleweka: mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, mita 23 kutoka kwa baisoni, yaani nyati wa Marekani. Anayeteremka garini kupiga picha ya baisoni anafanya upumbavu uleule ambao walinzi wa Tshivanga, katika hifadhi yetu ya Kahuzi-Biega, huukataza mbele ya gorila. Chakula, hata sabuni, visibaki nje. Dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu nunueni hukohuko, kwa kuwa haipandi ndege.

Maji machafu ya choo humwagwa kwenye vituo maalumu tu. Kubalianeni mapema nani atafanya kazi hiyo, na asiwe yule anayeendesha gari mchana kutwa.