Maswali ya Wasomaji: Kupima DOT na Presha Inayopanda

SWALI: Naendesha treila hapa Marekani na kadi yangu ya afya ya DOT (Idara ya Uchukuzi) inaisha mwezi ujao. Mara ya mwisho presha ilisoma 152/94, nikapewa mwaka 1 badala ya 2. Safari hii naweza kunyimwa? Na ule mkojo ndio wa kupima dawa za kulevya? – Dereva, Ohio

JIBU: Kwa namba hiyo hunyimwi. Mwongozo wa wapimaji unatoa mwaka 1 kwa 140/90 hadi 159/99 mara ya kwanza; ukirudi kupimwa na bado iko juu ya 140/90 lakini chini ya 160/100, unaweza kupewa miezi 3 tu, mara moja. Ikifika 160/100 pia unapewa miezi 3 ya kuitibu, mara moja tu. Kuanzia 180/110 huendeshi mpaka ishuke. Ukishakuwa kwenye dawa, tegemea mwaka 1 hata ikisoma vizuri.

Wengi presha inawapanda kwa jinsi walivyofika: kahawa, sigara, haraka, na kubana mkojo kwa ajili ya kipimo. Omba kutoa mkojo kwanza, ndipo upimwe presha. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo. Kama mkono wako ni mnene, dai mkanda mkubwa. Mdogo huongeza namba isiyo yako. Ikisoma juu, omba irudiwe. Dawa zako meza kama kila siku, tafadhali usiziruke.

Mkojo huo huchovywa kijiti kutafuta protini, damu na sukari. Dawa za kulevya zina kipimo chake kando. Angalizo kwa wenye kisukari: dawa ya kisukari iitwayo empagliflozin humwaga sukari kwenye mkojo hata ile ya damu ikiwa sawa, kwa hiyo beba majibu ya HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu wa miezi kama 3).

Miwani usiisahau: kwa kawaida kila jicho hutakiwa kufikia 20/40. Na mpimaji awe kwenye orodha ya taifa ya FMCSA (mamlaka ya usalama wa malori chini ya DOT), la sivyo cheti chake hakipokelewi.

SWALI: Mume wangu ameanzishiwa insulini. Lori ndiyo basi tena? – Mama wa watatu, Texas

JIBU: Hapana, dada. Tangu mwishoni mwa 2018 haombi tena kibali maalumu. Daktari anayemtibu ajaze fomu MCSA-5870, na apimwe DOT ndani ya siku 45 tangu isainiwe. Wengi hukwama kwenye kumbukumbu za sukari: zinatakiwa za miezi 3, kutoka kwenye mashine inayohifadhi tarehe na saa. Daftari la mkono halitoshi. Aanze kupima leo.