Nataka Kuwa Afisa Uhusiano, Nina Sauti Nzuri

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 24, nimemaliza shahada ya lugha na kwa sasa namsaidia mama dukani. Harusi zote za ukoo wetu MC ni mimi, na kila mtu ananiambia nina sauti, nina mvuto, niende kwenye uhusiano. Nikiwaona maafisa uhusiano kwenye runinga wamependeza, wamesimama nyuma ya wakubwa, leo Dodoma kesho Arusha. Hivi hasa kutwa nzima wanafanya nini? Na mimi nitaweza?
Mpenda Maikrofoni, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Siku nyingine ukimwona huyo aliyesimama nyuma ya mkubwa, mtazame mikono. Mmoja una simu inayoita, mwingine una hotuba ambayo ameiandika yeye na mkubwa ndiyo kwanza anaisoma. Kiatu kinambana, na chai hajanywa.

Mimi nimeifanya kazi hii benki, kisha miaka mingi kwenye mamlaka ya maji ya mkoa mmoja. Nitakueleza ya majini, maana ndiko nilikoijua.

Tuseme bomba kubwa limepasuka usiku. Asubuhi mhandisi anakuletea sentensi yake: "Kutokana na hitilafu ya kiufundi katika mfumo wa usambazaji, huduma itakosekana katika baadhi ya maeneo." Mama wa Kihonda akiisoma hajui ajaze ndoo au aache. Kazi yako inaanzia hapo. Maeneo yapi? Tangu saa ngapi? Hadi lini? Boza litapita mitaa gani? Mhandisi hataki kutaja saa, kwa sababu akiitaja na mafundi wakachelewa, lawama ni zake. Mhasibu anauliza boza limeidhinishwa na nani. Mkurugenzi yuko kikaoni, simu hapokei, na akipokea anasema tusubiri kwanza tujiridhishe. Nyie mnajiridhisha, huku kundi la WhatsApp la mtaa limeshakata shauri kwamba maji yamepelekwa kwa mwekezaji. Saa 4 mwandishi anapiga simu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma hadi siku 30 kumjibu mwombaji, lakini kurasa za gazeti zinafungwa jioni hii hii, na redio ina taarifa ya habari saa 7.

Sauti yako nzuri itatumika dakika tatu, mwisho kabisa. Kabla ya hapo umezunguka mlango hadi mlango ukidai ukweli kwa watu wanaokuzidi cheo na umri, tena kwa adabu, ili kesho ukirudi wakufungulie. Ndiyo maana nikitafuta msaidizi simuulizi kama anajua kuongea. Namuuliza: umewahi kumwambia mkubwa jambo asilotaka kulisikia? Ulimwambiaje? Wengi hutazama dari.

Ukienda darasani utafundishwa kisa cha 1982 huko Chicago, watu 7 walipokufa baada ya kumeza vidonge vya maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi na mtu asiyejulikana. Johnson & Johnson, wenye dawa, waliwaonya watu wasiitumie na wakarudisha kutoka madukani chupa zipatazo milioni 31. Wanaokisimulia hupenda kusifu namna kampuni ilivyozungumza. Mimi naziona zile chupa. Zingebaki kwenye rafu, hakuna taarifa kwa umma, hata ingeandikwa na malenga, ambayo ingewaokoa. Mkubwa anayekuita umsafishe bila kurekebisha kitu amekuita kufanya kazi isiyokuwepo, na utapoteza jina lako pamoja na lake.

Mengine ni ya kawaida tu. Kusikiliza magazeti yakisomwa redioni kabla hujatoka nyumbani. Kuhakiki jina na cheo cha mgeni rasmi kwenye bango, herufi kwa herufi. Kusimama bandani Sabasaba ukimsikiliza mzee aliyekuja na bili ya mwaka juzi (msikilize mpaka mwisho, mara nyingi ana haki). Kujibu matusi ya Instagram usiku bila kutukana. Disemba utagundua una ndugu wengi usiowajua, wote wanataka kalenda na diari.

Kuhusu u-MC wako, usiudharau, unafundisha kusoma ukumbi. Ila MC anapendwa na ukumbi mzima. Wewe waandishi watakuona mlinda mlango, na mabosi watakuona upo upande wa waandishi. Kama kutopendwa kunakunyima usingizi, fikiria tena.

Shahada ya lugha ni mtaji. Ukitaka cheti cha fani yenyewe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kule Mwanza wanafundisha uhusiano wa umma na masoko, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shule kuu ya uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Nafasi za serikalini fuatilia kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Tazama "Afisa Habari" na "Afisa Uhusiano" pia. Wakati unasubiri, chukua tangazo lolote la ofisi lililobandikwa hapo mtaani, liandike upya kwa nusu ya urefu wake, kisha msomee mama dukani. Akikuuliza "kwa hiyo nifanye nini?", rudi ukaandike tena.

SWALI: Dada, nimeajiriwa juzi kwenye kampuni binafsi. Kwenye mkutano wangu wa kwanza na waandishi bosi amenikabidhi bahasha nigawe, eti nauli. Ndiyo kawaida?
Mgeni Kazini, Kahama

JIBU: Kawaida ni kawaida, na inanuka. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotumika, tena kidogo, kwa hiyo usiwadharau wanaoipokea. Lakini ukigawa bahasha, wataisubiri bahasha, na siku huna hawaji hata kama mgodi umefunguka. Kama eneo la tukio ni mbali, peleka gari liwachukue, wape chakula, na uliandike hilo kwenye mwaliko wazi wazi. Kisha wape kitu cha kuandika: takwimu zilizohakikiwa, picha, na msimamizi wa kazi ambaye ameruhusiwa kujibu maswali. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye mikutano mingi, na mwandishi mwenye njaa ya habari anakikumbuka.

Bosi akishikilia bahasha yake, usibishane naye mbele za watu. Mwandikie dokezo, taja kiasi na sababu, umpelekee aidhinishe kwa saini. Utaona kalamu itakavyokuwa nzito.