Usaili wa ushauri wa kihandisi ni keshokutwa: anza na mradi mmoja

Mdogo wangu, hongera kwa kuitwa. Umesema wamekupigia leo, usaili ni keshokutwa hapa Dodoma, kazi ya mshauri wa miradi ya maji, na hujui ushike lipi. Vitabu vya chuo viache, muda huo huna.

Usiku huu chukua mradi mmoja ulioufanya, hata wa mafunzo kwa vitendo, uueleze kwa sauti dakika tano: tatizo lilikuwa nini, ulipima nini, uliamua nini na kwa nini uliacha njia nyingine. Usaili wangu wa kwanza nilianguka kwa sababu kila swali nilijibu "tulifanya". Wakaniuliza, "Wewe je?" Nikanyamaza. Iliniuma sana.

Kesho soma mazingira. Mkoa huu ni mkame, mvua ni za msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, na mji umetegemea kwa miaka mingi visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ukipewa swali la kisima, usikimbilie ukubwa wa pampu. Uliza kwanza kisima kinatoa maji kiasi gani kwa saa, yana chumvi kiasi gani, watumiaji ni wangapi. Wanataka kuona kama unajua kuuliza. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayopewa mshauri, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 zipitie juujuu tu.

Vyeti na usajili wa Bodi ya Wahandisi, kama unao, weka kwenye bahasha leo. Kama usaili uko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wahi daladala, ni mbali na mjini.

Niandikie umechagua mradi gani, kesho jioni nikuulize maswali.