Unaomba uhandisi Marekani na huna ada? Anza na sera ya msaada

Wadogo zangu wanaoniuliza kuhusu kusoma uhandisi Marekani karibu wote huanza na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani: nipate ngapi? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kama nyumbani hakuna uwezo wa kulipa, swali la kwanza ni chuo gani kinawasaidia wanafunzi wa kigeni, na kinawasaidia kwa utaratibu gani. Ukiwa na alama nzuri katika chuo kisichotoa msaada kwa wageni, utapata barua ya kukubaliwa usiyoweza kuitumia, na barua hiyo inauma kuliko ya kukataliwa.

Wapenda uhandisi huvutwa na majina kama Purdue, Georgia Tech na Berkeley. Ni vyuo hodari kweli, lakini ni vyuo vya majimbo. Mgeni wa shahada ya kwanza hutozwa ada ya mtu wa nje ya jimbo, na kwa kawaida hapati msaada unaopimwa kwa hali ya familia. Fomu ya FAFSA utakayoisikia kila mahali ni ya misaada ya serikali kuu, nayo haimhusu mwenye visa ya mwanafunzi. (Wanaoomba shahada ya uzamivu wako katika hali tofauti: wengi wao hulipiwa ada na kupewa posho kwa kufanya utafiti au kusaidia kufundisha, hata katika vyuo vya majimbo. Hapa nazungumza na waliomaliza sekondari.)

Kwa hiyo tazama vyuo binafsi. Vichache, vikiwemo MIT, Princeton, Harvard, Yale na Dartmouth, haviangalii uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua kama wakuchukue, hata kama wewe ni mgeni, na wakikuchukua hufidia pengo lote kati ya gharama na kile familia yako inachoweza kulipa. Tatizo ni kwamba dunia nzima inaomba huko. Vingine hufidia pengo lote kwa wanaokubaliwa, ila ombi lako la fedha huingia kwenye mizani ya udahili. Humo ndimo ningetumia muda mwingi zaidi, hasa kwenye vyuo vidogo ambavyo watu hawavifikirii kwa uhandisi. Swarthmore ina uhandisi. Lafayette inao. Smith, chuo cha wanawake, kinao pia, na dada zangu wengi hawajawahi kukisikia. Popote unapoomba, angalia kama programu imeidhinishwa na ABET, shirika linalothibitisha ubora wa programu za uhandisi, kwa sababu bodi za usajili wa wahandisi huuliza hilo baadaye.

Kuna ushauri mbaya unaozunguka kwa nia njema: usiombe msaada sasa, ingia kwanza, utaomba ukishafika. Tafadhali usiufuate. Vyuo vingi vina kanuni kwamba mwanafunzi wa kigeni asiyeomba msaada wakati wa udahili hawezi kuomba katika miaka inayofuata. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo binafsi vya ngazi hiyo zinapita dola 80,000. Omba unachohitaji chote, tangu siku ya kwanza.

Sasa fomu ya fedha. Vyuo vingi vya aina hii hutumia CSS Profile, na kwangu ilikuwa kazi ngumu kuliko insha zote. Mama ni mfanyabiashara mdogo, hana hati ya mshahara wala hesabu zilizokaguliwa. Tulikaa na daftari lake la mauzo tukaandika mwezi kwa mwezi: kilichouzwa, kilichorudi kununua mzigo, kilichobaki kwa chakula na karo za wadogo zangu. Tulipofika kwenye madeni alikataa. "Madeni yangu yanawahusu nini?" Nilimwambia wanataka kujua kinachobaki mkononi, si kinachopita. Akanitajia. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kipato kinavyopatikana na kwa nini hakilingani kila mwezi, akaisaini. Kama wazazi wako ni wakulima au wanategemea vibarua, andika barua ya namna hiyo, na uhakikishe tarakimu zake ndizo zilizo kwenye fomu. Ofisi za msaada zimezoea familia zisizo na hati za mshahara. Kinachowatia shaka ni tarakimu zinazopingana.

CSS Profile ina ada, na ombi la udahili pia. Andikia kila chuo kwa adabu uombe msamaha wa ada. Wengi hutoa, na baadhi hupokea fomu nyingine isiyolipiwa. Vituo vya EducationUSA vilivyo chini ya serikali ya Marekani hutoa ushauri bure, hivyo usimlipe wakala anayekuahidi nafasi.

Kuhusu maombi yenyewe: hisabati na fizikia ndizo zitakazosomwa kwanza, kwa hiyo barua moja ya mapendekezo itoke kwa mwalimu wa masomo hayo anayekujua kwa kazi yako. MIT imerudisha sharti la SAT au ACT (mtihani mwingine wa aina hiyo) tangu 2022, na wengine wamefuata. Kwenye insha, acha kuandika kwamba unapenda teknolojia tangu utotoni. Onyesha kitu ulichokishika. Mimi niliandika juu ya pampu ya maji iliyokuwa ikivuja, nikaeleza nilivyokata wosha, kile kipete cha kuziba maungio, kutoka mpira wa ndani wa tairi, kwa nini ya kwanza ilipasuka, na unene uliofaa. MIT hupokea hata jalada la vitu ulivyotengeneza kwa mikono yako, na halihitaji karakana ya kifahari.

Maombi ya mapema mara nyingi hufungwa Novemba 1, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Fomu za fedha zina tarehe zake, zitafute kando.

Barua ya msaada ikija, usitazame jumla peke yake. Toa ruzuku kwenye gharama zote, kisha uone kama bima ya afya, vitabu na tiketi ya ndege vimehesabiwa. Mkopo wa benki kwa mgeni kwa kawaida hutaka mdhamini aliye Marekani, na visa ya mwanafunzi, F-1, inakuruhusu kazi ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo usitegemee kibarua kizibe pengo kubwa. Ukiona pengo, iandikie ofisi ya msaada mapema, kabla ya Mei 1 ambayo ndiyo tarehe ya kujibu katika vyuo vingi, na uambatishe ushahidi wa kilichobadilika nyumbani. Waulize pia kama watakusaidia ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kwani italipwa kabla hujaingia kwenye mahojiano ya visa.