Rivolva ya zamani ya polisi: kagua ndani kabla ya kuikataa kwa sura

Mkuu, umeuliza kuhusu ile Smith & Wesson Model 10 uliyoiona kwenye duka la rehani hapo Columbus, Ohio: mtutu wa inchi nne, rangi imefutika mdomoni na kwenye silinda, muuzaji anasema ilikuwa ya polisi, nawe unahofia kwamba imechoka. Kwa maelezo hayo mimi ningerudi dukani. Kuchakaa kwa nje na kuchoka kwa ndani ni mambo mawili, na kwenye rivolva za polisi mara nyingi hayaendi pamoja.

Angalia ilivyotumika. Askari wa doria aliivaa kiunoni zamu nzima, mvua na jua, akapanda na kushuka gari nayo kutwa. Kuifyatua, aliifyatua hasa kwenye uwanja wa shabaha idara ilipotaka kumpima, na wengi walistaafu bila kumpiga mtu risasi. Kwa hiyo kilichokula ule weusi wenye ubluu mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda ni ngozi ya ala. Ninayo moja ya namna hiyo. Upande wa kulia wa mpini wake wa mti umejaa mikwaruzo na vidonda vidogo, maana ndio uliotazama nje ukigonga milango ya gari na migongo ya viti. Upande wa kushoto, uliokuwa ukilalia shati la mwenyewe, umelainika na kung'aa. Ukiishika tu unajua alitumia mkono gani. Na ndani yake ni nzima kabisa.

Ukifika dukani omba ruhusa kwanza. Sukuma kitufe cha kushoto kuelekea mbele, toa silinda nje, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba matundu yote sita ni matupu. Ifunge kwa vidole, taratibu. Ile ya kuirusha ifunge yenyewe kwa mkono mmoja, kama wanavyofanya kwenye sinema, hupindisha mkono wa chuma unaobeba silinda, na muuzaji anayefanya hivyo mbele yako amekwisha kukueleza anavyotunza mali yake.

Sasa vuta nyundo nyuma polepole sana kwa dole gumba, huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kuizuia kidogo. Sikiliza. Kuna kijino chini ya silinda kinachotakiwa kuruka na kuingia kwenye kishimo chake kabla nyundo haijafika mwisho. Nyundo ikishakaa nyuma na silinda bado inacheza, maana yake tundu halijalingana na mtutu. Siku ya kupiga, risasi itakwanguliwa inapoingia na vipande vya madini vitaruka pembeni. Fanya hivyo kwa matundu yote sita, usiridhike na mawili matatu. Hapa ndipo rivolva inaposema ukweli wake, kwa hiyo usimruhusu mtu akuharakishe.

Nyundo ikiwa nyuma, kidole kikiwa mbali na triga, isukume mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya wastani. Ikianguka, irudishe kabatini na uage. Kisha shusha nyundo, kamata triga ikiwa imevutwa, utikise silinda. Mchezo mdogo wa kulia na kushoto ni kawaida. Wa mbele na nyuma usiwepo wa kuonekana. Nafasi kati ya silinda na mtutu pima kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mianya, ile ile ya mafundi magari. Inchi 0.004 hadi 0.010 ni sawa. Mulika tochi mdomo wa nyuma wa mtutu kutafuta nyufa, halafu chungulia ndani: ukiona kivuli cha duara kama pete, mtutu umevimba, risasi iliwahi kukwama humo. Zungusha silinda ikiwa nje uone kama fimbo ya kutolea maganda inayumba.

Kitu ambacho wengi hukipita ni skrubu iliyo mbele ya mpini, kwa chini. Hiyo ndiyo inayokaza springi kuu. Watu huilegeza ili triga iwe laini, wakajipatia bastola inayogonga risasi bila kuiwasha. Iwe imekazwa mpaka mwisho.

Kuhusu sura, ogopa ile inayong'aa kupita umri wake. Angalia maandishi ya kiwandani kwenye mtutu na nembo ubavuni: kingo zake zikiwa zimelainika na kufifia, imepigwa msasa na kuchovywa upya. Angalia na nyundo na triga, ambazo kiwandani ziliachwa na rangi za mawingu mawingu za chuma kilichochomwa. Zikiwa nyeusi sawa na mwili, kuna mtu alizamisha kila kitu. Iliyopakwa upya inaweza kupiga vizuri tu, lakini mwenye kukusanya hailipii sawa, na mimi nakubaliana naye. Yale mafutiko ya ala ndiyo kumbukumbu pekee ya kazi iliyofanywa, na yakishafutwa hayarudi. Ukiinunua hiyo ya kwako, isafishe kwa mafuta na kitambaa, basi.

Namba ya mfululizo iko chini ya mpini. Toa silinda nje usome kwenye mwili, pale mkono wa silinda unapofunikia: utakuta MOD 10 na kistari chenye tarakimu, mfano 10-5. Pasipo na maandishi hayo, ujue ni ya kabla ya 1957, mwaka ambao kampuni ilianza kuzipa modeli zake namba. Kabla ya hapo iliitwa Military & Police, na ukoo wenyewe ulianza 1899. Namba inayoanza na C ni ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, D ni ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwenye zile za zamani namba hiyo hiyo hurudiwa kwenye silinda na chini ya mtutu, kwa hiyo linganisha.

Inayoanza na V ni ya vita, na hapo uwe mwangalifu. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza, kwa risasi fupi ya .38 S&W. Baada ya vita zikarudi Marekani, wafanyabiashara wakachimba matundu yaingie .38 Special, risasi ndefu zaidi ambayo Model 10 hutumia, na mara nyingi mtutu ukakatwa. Lakini tundu la .38 S&W ni pana zaidi, hivyo maganda hutoka yamevimba, wakati mwingine yamepasuka. Mihuri ya Kiingereza kwenye silinda itakujulisha. Na kuna jambo la usalama: katika vita hivyo baharia wa Marekani aliuawa pale rivolva ya aina hiyo ilipoanguka melini ikafyatuka. Kiwanda kikabuni kizuizi kipya cha nyundo, na zilizokuwa nacho zikawekewa SV mwanzoni mwa namba. Kwa ya kupigia, mimi nachukua ya baada ya hapo.

Sababu ya kuzikuta mpaka kwenye maduka ya rehani ni kwamba Model 10 na ndugu zake zimetengenezwa zaidi ya milioni 6, na kwa miongo mingi ndizo zilizokuwa viunoni mwa polisi wa Marekani. Tarehe 11 Aprili 1986, FBI walipoteza maafisa wawili na watano kujeruhiwa katika mapambano na majambazi wawili huko Miami. Baadhi ya maafisa hao walikuwa na rivolva. Baada ya hapo idara nyingi ziliharakisha kuhamia bastola za magazini, polisi wa New York wakaanza kuhama 1993, na rivolva zikatolewa kwa wauzaji kama sehemu ya malipo ya silaha mpya. Angalia mgongo wa mpini wa hiyo ya kwako: idara nyingine zilipiga jina lao pale, au namba ya kabati. Kama hakuna kitu, Smith & Wesson Historical Foundation huandika barua kwa malipo, inayoeleza silaha ilitoka lini kiwandani na kupelekwa kwa nani. Mara nyingi jibu huwa ni muuzaji wa jumla, lakini ikitoka na jina la idara ya mji mdogo, hiyo barua itunze pamoja na rivolva.

Mdau mmoja hapo juu amekushauri utafute Official Police, rivolva ya kampuni ya Colt. Ni silaha nzuri mno, imeunganishwa kwa kazi ya mikono, silinda yake inazunguka kufuata saa wakati ya Smith inakwenda kinyume. Ila mpangilio wake wa ndani ni wa kubembeleza na mafundi wanaouelewa wanapungua. Kwa rivolva ya kwanza baki na Smith.

Sheria kwa kifupi: kwa kuwa una grini kadi na umepita miaka 21, muuzaji mwenye leseni anaweza kukuuzia, utajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, ukiandika na namba yako ya uhamiaji, na rekodi zako zitakaguliwa. Ndugu zetu wenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida hawaruhusiwi hata kumiliki, ila kwa vighairi vichache, kwa hiyo usimwachie mgeni wako aishike. Illinois na New York wanataka kibali kwanza, Ohio haitaki. Wazo la kuisafirisha nyumbani Tanzania kama ukumbusho liache kabisa: unahitaji ruhusa za pande zote mbili.

Risasi mpe ile aliyozaliwa nayo, .38 Special ya kawaida yenye kichwa cha uzito wa greni 158, hizi zenye nguvu ya ziada ziache. Na ukirudi hapo dukani, piga picha ya namba ukiziba tarakimu za mwisho, ya nyundo kwa ubavu, na ya ule mgongo wa mpini, uziweke hapa tuzisome pamoja.