Karatasi ya pili ya Kiingereza KCSE: namna ya kufanyia mazoezi ufahamu na sarufi

Dada, nimesoma swali lako. Mdogo wako yuko kidato cha nne, anajiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Vitabu teule (vile vya fasihi vilivyochaguliwa kwa mtihani) anavijua, insha zake zinapita, ila karatasi ya pili ya Kiingereza inamvuta chini kila muhula, hasa ufahamu na sarufi. Imebaki miezi mitatu hivi, na ushauri wote anaopewa ni "soma sana". Kusahihisha mazoezi ya watahiniwa ndiyo kazi yangu hapa Nairobi, kwa hiyo vumilia urefu wa jibu.

Anza na hesabu. Kiingereza kina alama 200: karatasi ya kwanza 60, ya pili 80, ya tatu 60. Hiyo ya pili, 101/2, huchukua saa mbili na nusu. Ufahamu una alama 20, dondoo kutoka kitabu teule 25, shairi au fasihi simulizi 20, sarufi 15. Watu huona ufahamu ni zile 20 tu. Lakini shairi pia hajawahi kuliona, na hata kwenye dondoo ataulizwa maana za maneno, atatakiwa kugeuza sentensi, pengine aandike muhtasari. Kwa hiyo ustadi uleule wa kusoma na kujibu unamfuata karibu karatasi nzima.

Gawa muda hivi: ufahamu dakika 35, dondoo 45, shairi 35, sarufi 20. Zinabaki 15 za kuhakiki. Mazoezi yote ya nyumbani yafanywe na saa mezani. Anayefanya ufahamu mmoja kwa saa nzima akiwa amelala kwenye kochi hajajifunza jambo litakalomsaidia Novemba.

Kwenye zile dakika 35, dakika 2 za kwanza apitie maswali bila kujibu chochote, ili ajue anatafuta nini. Kisha asome taarifa mara mbili, kama dakika 8. Mara ya kwanza aende moja kwa moja hata akikutana na neno gumu. Mara ya pili apige mstari penye majibu. Kujibu dakika 20, zinazobaki za kusoma alichoandika.

Sasa, mahali alama zinapomwagika. Chukua kipande hiki nilichokitunga:

"The lorry that used to collect refuse twice a week has not been seen since March. Residents now pay young men with handcarts who, having nowhere else to go, tip everything by the river."

Swali: Why do the young men tip the refuse by the river? Alama 1. Jibu ninaloliona mara nyingi ni "who, having nowhere else to go, tip everything by the river". Amenakili kipande kizima, na hilo "who" mwanzoni linaonyesha wazi kwamba amekata na kubandika. Jibu linalotakiwa: "They have no other place to dump it." Maneno yake mwenyewe, sentensi kamili, basi. Lakini swali likisema "identify" au "quote", mambo yanageuka: hapo anatakiwa atoe maneno ya kwenye taarifa yenyewe, ndani ya alama za kunukuu, bila kubadilisha herufi. Mfundishe azungushie kalamu neno la amri kila swali kabla ya kujibu. Ni tabia ndogo, na hakuna nyingine inayolipa haraka kama hiyo.

Aangalie pia alama zilizo pembeni. Swali la alama 2 linataka hoja mbili, au hoja moja na maelezo yake. Akimwaga hoja tano akitumaini mbili zitashika, anajiletea hasara, kwa sababu hoja ya uongo inayopingana na ile ya kweli inaweza kulifuta jibu.

Maana za maneno. Mwulize "refuse" kwenye kipande changu maana yake nini. Wanafunzi wengi wataandika "to say no". Hapo ni nomino: takataka. Na "tip" si pesa ya mhudumu wa hotelini, ni kumwaga. Kanuni ni moja: jibu liweze kuchukua nafasi ya lile neno ndani ya sentensi na sentensi iendelee kusimama. Kama taarifa imesema "dwindled", jibu ni "reduced" au "became fewer". "Reduce" haikai pale, kwa sababu wakati umebadilika. Nomino ijibiwe kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi cha wakati uleule. Kila zoezi, achomeke jibu lake kwenye sentensi na kuisoma kwa sauti.

Muhtasari. Kuna aina mbili na watu wanazichanganya. Ukiambiwa "in note form", andika vidokezo vifupi, kila kimoja mstari wake, bila sentensi kamili: "lorry not seen since March". Anayeandika sentensi kamili hapo amevunja agizo na anakatwa. Ukipewa idadi ya maneno, mathalani yasiyozidi 40, andika aya moja yenye mtiririko. Atafute hoja kwanza na kuziorodhesha, aunganishe kwenye nakala ya majaribio, ahesabu maneno, apunguze, ndipo aandike nakala safi na kuikata kwa mstari ile ya majaribio. Achukulie kwamba kila neno linalozidi idadi ni kama hakuliandika. Hoja yake nzuri ikikaa kwenye neno la 46 haimsaidii. Mifano, majina na takwimu ndivyo vitu vya kwanza kutupwa.

Maswali ya msimamo wa mwandishi yanahitaji neno moja la hisia na ushahidi wake: "critical", kisha kwa nini. Neno bila ushahidi ni nusu ya jibu. Na "good" au "bad" si jibu la swali hilo hata kidogo.

Tuje kwenye sarufi. Alama 15 hizi ndizo za kupata kwa miezi mitatu, kwa kuwa mambo yanayotahiniwa yanajirudia mwaka hadi mwaka: kugeuza sentensi bila kubadilisha maana, viambishi vya kuunda neno jipya, vihusishi, vitenzi vya maneno mawili kama "put off", mpangilio wa vivumishi, viulizi vya mkia (question tags). Kila kipengele ni alama 1, na kosa la tahajia au herufi kubwa iliyosahaulika linaweza kuiondoa yote.

Kugeuza sentensi ndiko kugumu, kwa hiyo nitakaa hapo. Kuna familia chache tu.

Familia ya kwanza ni zile zinazoanza na neno la kukanusha au la kuwekea mpaka: hardly, no sooner, never, not only, not until, only after. Zikianza sentensi, kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya mtenda. "Hardly had the matatu left the stage when the police stopped it." "Not until the rain stopped did we leave." Makosa mawili: kuandika "Hardly the matatu had left", na kuchanganya wenzi. Hardly huenda na when, no sooner huenda na than. Aandike kumi za kila aina, zote kuhusu mambo ya mtaani kwao, hadi mkono uzoee.

Familia ya pili ni ya "too" na "so". "The tea was so hot that we could not drink it" inakuwa "The tea was too hot for us to drink." Karibu kila mtu anabakisha "it" mwishoni, kwa kuwa sisi tunasema kuinywa, na kile kiambishi -i- kinadai nafasi yake hata kwenye Kiingereza. Lifute.

Familia ya tatu: although, despite, unless. "Although he was ill, he came" inakuwa "Despite being ill, he came". Si "despite of", si "despite he was". Na "although" haikai na "but" katika sentensi moja, hata kama ingawa na lakini kwetu zinapatana vizuri. "Unless" tayari ina kanusho ndani yake: "Unless you hurry", kamwe si "Unless you don't hurry".

Ya nne, usemi wa taarifa. "Where do you live?" inakuwa "She asked him where he lived." Kosa ni "where did he live" pamoja na alama ya kuuliza iliyobaki mwishoni. "Tomorrow" inageuka "the following day", "here" inageuka "there". Kauli ya kutendwa ni rahisi kuliko zote, mradi asisahau wakati: "They are repairing Jogoo Road" inatoa "Jogoo Road is being repaired", na hilo "being" ndilo linaloachwa.

Viulizi vya mkia vinatutesa kwa sababu "sivyo?" yetu inafaa popote, ndiyo maana kila mahali unasikia "isn't it?". Ajue haya magumu kwa moyo: "I am late, aren't I?", "Let's go, shall we?", "Nobody came, did they?", "He hardly studies, does he?" Hilo la mwisho huwashinda hata wanaojiita wazuri, kwani hawaoni kanusho ndani ya "hardly".

Vihusishi havina njia ya mkato. "Kwa" yetu inabeba mzigo wa to, by, with, for na at, kwa hiyo kichwa hakina pa kushika. Ajifunze neno na kihusishi chake pamoja, kama kitu kimoja: married to, accused of, charged with, congratulate on, senior to, capable of. Na ajue vitenzi visivyotaka kihusishi: "discuss the matter", bila about. Vitano kwa siku vinatosha. Zaidi ya hapo vinavuja.

Kwenye kuunda maneno, shida huwa tahajia kuliko maana: pronounce hutoa pronunciation, maintain hutoa maintenance, argue hutoa argument, occur hutoa occurrence, humour hutoa humorous. Vivumishi vina mpangilio wake: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi. "A beautiful old brown leather bag."

Ratiba ya wiki nadhani iwe hivi, na usiijaze zaidi. Jumatatu hadi Alhamisi, dakika 20 za familia moja tu ya sarufi, wiki nzima familia hiyohiyo. Siku mbili kati ya hizo aongeze tahariri moja ya gazeti, Daily Nation au The Standard. Asome, aandike muhtasari wa maneno 40, atoe maneno matano na maana zake kama yalivyotumika. Si lazima gazeti la leo. Yale ya zamani ya kufungia bidhaa yanafaa kabisa, na dukani wanakuuzia kwa bei ya karatasi. Ijumaa, zoezi moja la kuziba mapengo kumi, ambalo ni alama 10 za karatasi ya kwanza na linafundisha vihusishi kwa mlango wa nyuma. Jumamosi, sehemu ya ufahamu na ya sarufi kutoka mtihani uliopita, dakika 55 kamili.

Jumapili ndiyo siku yenyewe, nayo ndiyo inayorukwa. Akae na daftari la makosa lenye safu tatu: nilichoandika, kilichotakiwa, kwa nini. Safu ya tatu ikibaki tupu, kosa litarudi. "Kutojua" haliandikwi humo. Iandikwe "nimenakili", "wakati umebadilika", "nimebakisha it", "sikuhesabu maneno". Baada ya wiki tatu utaona sababu mbili au tatu zinajirudia, nazo ndizo za kushughulikia. Mengine yaache.

Karatasi za miaka iliyopita asizimalize zote Agosti. Abakishe nne ambazo hajaziona kwa ajili ya Oktoba. Na atafute ripoti za mtihani zinazotolewa na KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya: zinaonyesha swali, jibu lililotarajiwa na mahali watahiniwa walipojikwaa. Miongozo mingi ya kusahihisha inayouzwa kwenye saiba (maduka ya intaneti) za katikati ya jiji imejaa makosa, hasa ya sarufi, kwa hiyo jibu la kutilia shaka apelekee mwalimu. Wanaouza "karatasi ya mwaka huu" Telegram wapuuzeni. Ni pesa zenu zinazotakiwa.

Kama nyumbani hakukaliki kwa kelele, kuna Maktaba ya McMillan pale Banda Street, na tawi la Kaloleni au la Makadara kwa wa Eastlands. Aende na saa yake, karatasi tupu na kalamu. Simu ibaki nyumbani, na kamusi awe nayo ya Kiingereza kwa Kiingereza.

Jambo moja la chumba cha mtihani: sarufi iko mwisho wa karatasi, na wengi huifikia wamebakiwa na dakika saba. Hailazimu kufuata mpangilio. Kama mdogo wako huandika dondoo ndefu kupita kiasi, aanze na swali la sarufi, dakika 20, kisha arudi kwenye ufahamu. Aandike tu nambari ya swali wazi. Ajaribu njia zote mbili kwenye moku (mtihani wa majaribio), mlinganishe alama, achague moja, asiibadilishe tena.